Mtoto akifika miaka saba hawi "wa baba"

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imewafikisha wazazi wengi waliotengana kwenye madawati ya ustawi wa jamii, na swali linalojirudia ni hili: "Mtoto ametimiza miaka saba, nikamchukue lini?"

Hakuna sheria inayosema mtoto akitimiza miaka saba anahamia kwa baba. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Basi. Hakitaji siku ya mtoto kuhama. Akivuka umri huo, mahakama hutanguliza ustawi wake, humsikiliza mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na husita kumhamisha mtoto aliyekwisha kutulia. Tunaomba hili lieleweke, maana kuna watoto wanaochukuliwa getini shuleni kwa hoja ya miaka saba.

Kuhusu talaka yenyewe, anzeni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, iwe la kata au la dini lililotambuliwa kisheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati kwa Fomu Na. 3 inayoeleza lilichokibaini. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Siku mnapofungua shauri, hati isiwe imepitisha miezi sita tangu itolewe. Ikipitisha, mnarudi barazani. Baraza hurukwa kwa sababu chache tu, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hajulikani alipo, au aliitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika. Ndoa isiyotimiza miaka miwili huhitaji kwanza kibali cha mahakama. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mashauri ya talaka kwa kasoro ya hati hiyo, baada ya wahusika kupanda ngazi zote za chini. Na talaka iliyoandikwa nyumbani, peke yake, haiivunji ndoa mbele ya sheria za nchi.

Wakati shauri linaendelea, mtoto anakula na anasoma. Baba husema halipi kwa sababu haonyeshwi mtoto; mama humficha mtoto kwa sababu hajaletewa matunzo. Wote wawili wanamnyima mtoto kilicho chake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajatengana, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, mradi masomo yasivurugike. Haki hizo hazitegemeani. Asiyelipa hushtakiwa kwa kutolipa, na anayezuia mtoto hushtakiwa kwa kuzuia. Amri ya matunzo hufikia miaka 18, na mahakama inaweza kuiendeleza mtoto akiwa bado masomoni.

Mahakama ikihitaji taarifa ya mtoto, afisa ustawi atafika nyumbani kwenu. Hahitaji kuona makochi mapya wala friji iliyojazwa asubuhi hiyo. Atauliza nani humwamsha mtoto, nani humpeleka kliniki, mwalimu humpigia nani simu. Atazungumza na mtoto pia, wakiwa wawili tu, na majibu ya kukaririshwa huonekana mara moja. Tafadhali msimfundishe la kusema.