Jack Lang hakupanga bei ya kitabu hata kimoja

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwenye duka la vitabu, alinijia na wimbo ule ule: "Kule Ufaransa serikali ndiyo inayopanga bei ya vitabu. Na sisi tudai hivyo hivyo!" Nikamwacha amalize chai kwanza. Kazi yangu ni kushauri waandishi na wachapishaji kuhusu mikataba, na sheria ya bei ya vitabu ya Jack Lang, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, nimeshaieleza mpaka koo limekauka.

Sheria yenyewe ni ya Agosti 10, 1981, miezi michache tu baada ya Rais François Mitterrand kumkabidhi Lang Wizara ya Utamaduni. Ilianza kutumika Januari 1982. Serikali haigusi bei. Mchapishaji ndiye anayeipanga, na analazimika kuiandika kwenye kitabu. Muuzaji, awe na kiduka kijijini au jengo la ghorofa tatu Paris, anauza kwa bei hiyo. Akitaka kumpunguzia mnunuzi, mwisho ni asilimia 5. Mchapishaji akijitia tamaa akapanga bei ya kuruka, kitabu kitamdodea mwenyewe, waziri hahusiki.

Kisa chake ni hiki. Tangu 1974, maduka makubwa ya Fnac yalikuwa yanakata asilimia 20 ya bei. Wanunuzi walishangilia, lakini wenye maduka madogo walianza kuhesabu siku, maana riwaya inayouzika haraka ndiyo inayolipia rafu ya mashairi ambayo hukaa miezi bila kuguswa. Mkubwa akikunyang'anya zile zinazotoka, unabaki na mashairi na kodi ya pango. Mwaka 1979 waziri wa uchumi, René Monory, akafuta hata bei elekezi, ile ambayo mchapishaji huipendekeza tu. Jérôme Lindon, mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Éditions de Minuit, alikuwa mbele katika kupigania bei moja. Kwa hiyo Lang aliikuta hoja imeiva, akaifikisha bungeni, ikapita bila mpinzani.

"Basi hakuna kuuza kwa bei ya kutupa?" Ipo. Kitabu kikipita miaka 2 tangu kutoka, na muuzaji hajaagiza nakala mpya kwa zaidi ya miezi 6, anaruhusiwa kukishusha atakavyo. Watu hukisahau kifungu hiki kana kwamba hakijaandikwa.

Na ubishi haukuisha. Maduka makubwa ya Leclerc yaliipeleka sheria hadi Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 1985 iliacha kiini chake kisimame. Mwaka 2014 Wafaransa wakakataza usafirishaji wa bure kwa vitabu vilivyoagizwa mtandaoni. Amazon wakatoza senti moja. Ilibidi itungwe sheria nyingine, na tangu Oktoba 2023 oda iliyo chini ya euro 35 hulipiwa usafiri usiopungua euro 3.

Nami huwaambia wateja wangu: kabla ya kwenda kumsumbua waziri, chapa bei nyuma ya jalada na uweke kikomo cha punguzo kwenye mkataba wa muuzaji. Hawanisikii.

Madai mengine kuhusu Lang nitayapitia haraka. Eti Lang aliichukia Marekani. Kweli, mwaka 1981 alikataa kwenda tamasha la filamu za Kimarekani la Deauville, na Julai 1982 huko Mexico aliushambulia ubeberu wa kitamaduni hadi kila mtu akajua nani anasemwa. Lakini mwaka 1992 alimpa nishani Sylvester Stallone.

Eti piramidi ya kioo ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ni wazo lake. Aliitetea, ndiyo, ila aliyemteua msanifu wake, I. M. Pei, tena bila shindano, ni Mitterrand. Zogo lililomwangukia Lang mwenyewe lilikuwa la nguzo 260 zenye mistari za msanii Daniel Buren pale Palais-Royal, kasri la zamani mjini Paris: kesi, kelele magazetini, ujenzi ukasimama mwaka 1986. Aliyeruhusu zikamilishwe ni mrithi wake kutoka upande wa pili wa siasa, François Léotard.

Eti alianzisha Sikukuu ya Muziki ya Juni 21 kwa kuwa ni mwanamuziki. Mwenye kuijua mizani ya muziki alikuwa Maurice Fleuret, mkurugenzi wa muziki wizarani. Lang alikuwa profesa wa sheria.