Msimu Mbaya Zaidi wa Timu ya Besiboli: Hupimwa kwa Nini?

Katika besiboli ya Marekani, "msimu mbaya zaidi" wa timu ni ule iliopoteza kuliko misimu yake mingine yote. Ugumu huanza pale unapouliza: kupoteza kwa kipimo kipi? Vipimo viko kadhaa, na mara nyingi havikubaliani. Nitavieleza kwa kutumia Chicago White Sox, timu kongwe ambayo mwaka 2024 iliandika rekodi mbaya iliyozungumzwa sana.

Kwa aliyezoea soka, kuna jambo la kuweka sawa kwanza. Huku hakuna pointi, sare ni adimu mno, na hakuna kushuka daraja. Timu hucheza karibu kila siku, michezo 162 kwa msimu wa kawaida. Timu bora hupoteza hata 60, na kibonde naye hushinda kama 60. Kushindwa kufikisha ushindi 50 ni msiba.

Kipimo kinachosikika zaidi ni idadi ya vipigo. White Sox wa 2024 walishinda mara 41 wakapoteza 121, vipigo vingi kuliko vya timu yoyote ya ligi kuu tangu mwaka 1901. Waliipita rekodi ya New York Mets wa 1962, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, waliopoteza 120. Katika msimu huohuo White Sox walipoteza michezo 21 mfululizo.

Lakini idadi ya vipigo hudanganya pale urefu wa msimu unapobadilika. Kabla ya miaka ya 1960 ratiba ilikuwa ya michezo 154. Kabla ya 2024, White Sox walikuwa na misimu miwili iliyogombea aibu hiyo: 1932, ushindi 49 na vipigo 102, na 1970, ushindi 56 na vipigo 106. Ukihesabu vipigo, 1970 ni mbaya zaidi. Ukigawanya ushindi kwa michezo yote, 1932 inatoa asilimia 32.5 na 1970 inatoa 34.6. Timu ya 1932 ingecheza michezo 162 kwa mwendo uleule, ingepoteza kama 109. Kwa hiyo asilimia ya ushindi ndiyo kipimo cha haki zaidi tunapolinganisha zama, na kwa kipimo hicho 2024 iko chini kuliko misimu yote ya White Sox: 25.3.

Asilimia hiyohiyo inawarudishia haki Mets wa 1962 kwa namna ya kusikitisha, kwani yao ni 25.0. Na Philadelphia Athletics wa 1916, walioshinda 36 na kupoteza 117 baada ya meneja wao Connie Mack kuvunja kikosi kilichokuwa bingwa, wana 23.5. Waliosema White Sox ndio wabovu kuliko wote tangu 1901 walitazama safu moja tu ya msimamo.

Kuna pia umbali kutoka kwa kinara, unaohesabiwa kwa michezo: wastani wa tofauti ya ushindi na tofauti ya vipigo kati ya timu mbili. Hapa hadithi inageuka. Mwaka 2024 White Sox walimaliza michezo 51.5 nyuma ya Cleveland Guardians, vinara wa kundi lao. Mwaka 1932 walikuwa michezo 56.5 nyuma ya New York Yankees, walioshinda 107. Tena mwaka huo White Sox hawakuburuza mkia: Boston Red Sox walikuwa wabovu zaidi yao. Kipimo hiki kinaeleza nguvu ya wapinzani kama kinavyoeleza udhaifu wako, ndiyo maana sikipi uzito mkubwa.

Kilicho tajiri zaidi ni tofauti ya mikimbio, ambayo ni sawa na tofauti ya mabao katika soka. Mkimbio hupatikana mchezaji anapozunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia. White Sox wa 2024 walipata mikimbio 507 wakaruhusu 813, yaani hasi 306. Mets wa 1962 walipata 617 wakaruhusu 948: hasi 331. Detroit Tigers wa 2003, waliopoteza michezo 119, walipata 591 wakaruhusu 928: hasi 337. Je, Tigers ndio wabovu kuliko wote? Tusiharakishe. Mikimbio ilikuwa mingi zaidi katika misimu yao, kwa hiyo pengo lenyewe hupanuka.

Mtakwimu Bill James alipendekeza njia ya kukadiria asilimia ya ushindi ambayo timu ilistahili: chukua mikimbio uliyopata, izidishe kwa yenyewe, fanya hivyo kwa uliyoruhusu, kisha tafuta fungu la kwanza ni sehemu gani ya jumla ya yote mawili. Kwa hesabu hiyo Mets walistahili ushindi kama 48, Tigers 47, White Sox 45. Hapo picha inapinduka: Mets walioshinda 40 walikuwa na bahati mbaya sana, na White Sox ndio dhaifu zaidi kati ya hao watatu. Mimi naliamini jibu hili kuliko hesabu ya vipigo, kwa sababu mchezo unaopotea kwa mkimbio mmoja na ule unaopotea kwa kumi huandikwa kipigo kilekile kwenye msimamo.

Nje ya vipimo hivi wako Cleveland Spiders wa 1899, ushindi 20 na vipigo 134. Wamiliki wao walinunua pia timu ya St. Louis na kuwahamishia huko wachezaji bora, akiwemo mrushaji Cy Young. Kuwalinganisha na timu iliyojitahidi ikashindwa ni kuwaonea wachezaji waliobaki. Ugawaji wa vipaji chipukizi, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, nao sasa una bahati nasibu ya kupanga zamu za mwanzo, ili timu isifaidike kwa kupoteza makusudi. White Sox, ambao kanuni hazikuwaruhusu kuingia kwenye bahati nasibu ya ugawaji wa 2025, walichagua wakiwa wa 10 mwaka huo.