Udongo wa mfinyanzi haukatai mboga: dhana potofu zinazoharibu bustani za nyumbani, na ukweli wake

Anayejenga Kitengela, Syokimau au Ruai, pembezoni mwa Nairobi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi huambiwa mapema kwamba hapo mboga hazitaki. Mwenye nyumba aliye kwenye mbuga za udongo mweusi Shinyanga huambiwa vivyo hivyo. Hapo huanza gharama: lori la mchanga, lori la udongo mwekundu, mashimo yaliyojazwa samadi, na sukuma wiki bado ni ya manjano. Inauma kuona fedha zikienda hivyo, kwa sababu udongo huo una chakula kingi. Kinachokosekana ni hewa kwenye mizizi, na tiba nyingi zinazosambazwa huipunguza zaidi.

Dhana: Mfinyanzi ni udongo mbovu

Punje ya mfinyanzi ina upana usiozidi milimita 0.002. Punje zikiwa ndogo kiasi hicho, jumla ya nyuso zake ni kubwa mno, na ni kwenye nyuso hizo kalsiamu, potasiamu na magnesiamu hushikwa mpaka mzizi uzichukue. Udongo wa kichanga hauna uwezo huo, mbolea yake huondoka na mvua. Lakini nafasi kati ya punje hizo nazo ni nyembamba. Maji yakishaingia hayatoki upesi, hewa inakosa pa kupita, na mzizi usiopumua hushindwa kunyonya hata maji yaliyouzunguka. Kwa hiyo mche unaweza kunyauka mchana huku umesimama kwenye tope. Ukiona hivyo usikimbilie ndoo. Chimba sentimita 10 kando ya mche kwanza: udongo ukinata mkononi na kutoa harufu ya uvundo, maji ndiyo yanayouua.

Dhana: Mfinyanzi wote ni mmoja

Hapa ndipo ushauri mwingi unapopotoka. Udongo mwekundu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri nao una mfinyanzi mwingi, lakini madini ya chuma yameushikamanisha ukawa chembechembe, na maji hupita kati yake. Mfinyanzi mweusi una aina ya madini inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, nyufa hizo hukata mizizi, na maji unayomwaga hushuka kupitia humo bila kuulowesha udongo wa kando. Jirani wa Kiambu anayepanda kwenye ardhi tambarare na kuvuna vizuri hasemi uongo, ila udongo wake si wako.

Pima mwenyewe. Lowanisha udongo wa kujaa kiganja, ukande mpaka usiwe na madonge, kisha usukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Utepe ukivuka sentimita 5 kabla ya kukatika, ni mfinyanzi. Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame, lijaze tena na upime kwa rula. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usipande mboga kwenye ardhi tambarare isiyoinuliwa kuwa tuta wakati wa masika.

Dhana: Ongeza mchanga utalainika

Hii ndiyo dhana inayokula fedha nyingi kuliko zote, basi tuipigie hesabu. Tuta la mita 1 kwa mita 5, kina sentimita 30, lina udongo wa mita za ujazo 1.5, yaani takriban tani 1.8 ukiwa mkavu. Tuseme asilimia 60 ni mfinyanzi. Ili ushuke hadi asilimia 30, unahitaji tani 1.8 nyingine za mchanga, karibu toroli 20 za lita 60. Hizo ni za tuta moja tu, na baada ya kazi yote hiyo udongo bado utanata.

Ukiweka toroli mbili tatu, punje za mfinyanzi zinajaza nafasi zote kati ya punje za mchanga, na mchanganyiko ukikauka unakuwa mgumu kuliko ulivyoukuta.

Kinacholegeza mfinyanzi ni mboji. Vijidudu vinavyoila hutoa utando unaogandisha punje kuwa chembechembe, na kati ya chembechembe hizo ndipo hewa hupita. Kwa tuta lile lile, anza na tabaka la sentimita 5, yaani lita 250, madebe 12 hadi 13 ya lita 20. Changanya na sentimita 15 za juu. Kila msimu unaofuata ongeza madebe 5 hadi 7, kwa sababu mboji huliwa ikaisha. Samadi iwe imekaa angalau miezi 3, isiwe na joto wala harufu kali. Maranda ya mbao usiyachimbie ndani: vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni ya udongo, na majani ya chini ya mboga yako ndiyo hutangulia kugeuka manjano. Yatandaze juu tu.

Dhana: Chimba shimo, jaza mboji, weka kokoto chini

Shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi na kujazwa mboji tupu ni beseni. Maji huingia kwa wepesi kupitia mboji, hugonga kuta zisizopitisha, hukaa. Mizizi nayo hujizungusha ndani badala ya kwenda nje. Kokoto hazisaidii, kwa kuwa maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu umeshiba kabisa, kwa hiyo umelisogeza tope karibu na mizizi. Jembe likiacha kuta za shimo laini na zinazong'aa, zikwaruze kwa ncha ya uma kabla ya kujaza, na jaza kwa udongo uleule uliochimba ukiwa na sehemu moja ya mboji kwa tatu za udongo.

Bora kuliko shimo ni kuinua. Tuta liwe na upana wa mita 1 hadi 1.2, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na kimo cha sentimita 25 hadi 30. Udongo wa kuinulia uuchote kwenye njia zenye upana wa sentimita 40 hadi 50, nazo uzipe mteremko na mahali pa kutokea maji. Njia zisizo na pa kutokea hugeuka mitaro ya maji yaliyosimama, na tuta hunyonya kutoka pembeni. Tuta likishatengenezwa, mguu usilikanyage tena.

Dhana: Lima mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini

Mfinyanzi uliolimwa ukiwa na maji mengi huvunjika chembechembe zake, na madonge yanayotokea yakikauka hayavunjiki msimu mzima. Chukua udongo wa kina cha sentimita 15, uviringishe viganjani. Ukitoka uzi mwembamba wa milimita 3 bila kumeguka, rudi nyumbani, ngoja siku mbili au tatu, upime tena. Ukimeguka kabla ya kufikia wembamba huo, lima siku hiyohiyo, kwani kwenye udongo mweusi nafasi hiyo ni fupi. Tumia jembe la meno, ulegeze bila kupindua: udongo wa chini wenye rangi tofauti ukiletwa juu hauna mboji, na mbegu hazitapenya ukoko wake.

Dhana: Majivu na chokaa hulainisha mfinyanzi

Kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu, ambao mara nyingi una asidi, chokaa ya kilimo husaidia baada ya kupima pH, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7 ni asidi). Mfinyanzi mweusi kwa kawaida una pH ya 7 au zaidi, na ukichimba utakuta vijiwe vyeupe vya chokaa. Vidondoshee siki: vikitoa povu, chokaa ipo ya kutosha. Ukiongeza majivu hapo, pH hupanda na chuma hakichukuliki tena. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Jasi (gypsum) nayo ina kazi yake kwenye udongo wa magadi, wenye sodiamu nyingi, na hilo lithibitishwe maabara kabla ya kununua gunia.

Dhana: Maji kidogo kila siku

Maji kidogo hulowesha sentimita 2 za juu, na mizizi hubaki hapohapo juu, jua likiwaka inaungua. Mimina lita 20 kwa mita moja ya mraba kwa awamu mbili: nusu kwanza, ngoja nusu saa au zaidi yazame, kisha nusu iliyobaki. Usirudie mpaka udongo wa kina cha kidole kizima umeanza kukauka. Halafu tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yakiachana na shina kwa upana wa vidole vitatu. Matandazo huzuia nyufa, na mfinyanzi mweusi ukishapasuka msimu umeharibika nusu. Masika yakiwa mazito yapunguze, maana koa hujificha humo mchana na kula miche usiku.

Dhana: Karoti haziwezekani

Kabichi, sukuma wiki, maboga na bamia ndizo zenye amani zaidi kwenye mfinyanzi, na magimbi hufurahia pale panapotuama maji. Karoti zinataka uangalifu tu. Chagua aina fupi nene kama Chantenay, tuta liwe limelegezwa sentimita 30, na usiweke samadi mbichi, kwa sababu huzidisha mizizi kugawanyika. Panda kwenye mfereji wa sentimita 1, funika kwa mboji iliyochekechwa badala ya udongo, ili ukoko usizuie miche. Punguza zibaki umbali wa sentimita 5. Jioni ya kuamkia siku ya kuvuna mwagilia, asubuhi legeza pembeni kwa jembe la meno ndipo uvute. Kwenye mfinyanzi mkavu majani hubaki mkononi na karoti hubaki ardhini.