Inayojirudia, sugu, na kibofu kilichoumizwa na mionzi

Siku hizi "UTI sugu" limekuwa jina la kila kinachomchoma mtu akienda haja ndogo. Mwenye afya njema anaweza kupita salama na kosa hilo. Lakini mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, au mzee aliyepigwa mionzi ya tezi dume, anaweza kumezeshwa antibaiotiki mwaka mzima kwa ugonjwa asio nao.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: kuna bakteria, mara nyingi wale wanaotoka utumbo mpana, na kuna dalili. Madaktari huiita ya kujirudia ikimpata mtu mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya mwaka. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Sugu ni jambo jingine kabisa. Kwa asili sugu ni ngozi iliyokomaa kiganjani mwa mshika jembe, au kwenye paji la uso la anayesujudu kila siku: mahali palipozoea kusuguliwa. Kwa bakteria, dawa huua wanyonge, wakabaki isiowaweza, nao ndio wanaozaliana. Huo ndio usugu, na haupatikani kwa kuhesabu mtu ameumwa mara ngapi. Hupatikana maabara, mkojo ukioteshwa na bakteria walioota wakajaribiwa dawa moja baada ya nyingine. Mtu anaweza kupata UTI mara nne kwa mwaka na kila mara akapona kwa dawa ya kawaida. Yake inajirudia, si sugu. Mwenzake akapata ya kwanza maishani, na ikawa sugu tangu siku hiyo.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo husahaulika hata na watu wanaojua kwamba mgonjwa alitibiwa Ocean Road au Bugando, hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi. Kibofu kimepakana na mlango wa kizazi. Huwezi kuchoma kimoja na kukiepusha kingine kabisa. Tiba ya kawaida ya saratani hiyo ni vipindi takriban 25 vya mionzi ya kutoka nje ya mwili kwa wiki tano, kisha mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Wakati wa tiba kibofu huvimba na kuwasha, na kwa wengi hutulia wiki kadhaa baadaye. Ila madhara ya baadaye huweza kuanza baada ya miezi 6, au miaka 10, au hata zaidi. Mishipa midogo ya damu huziba polepole, ukuta wa kibofu hukakamaa, na kile kilichokuwa kikibeba karibu nusu lita kinalalamika kwa kikombe. Mkojo unachoma, unabana ghafla, unamwamsha mtu usiku kucha, na pengine una damu. Bakteria hakuna.

Hapa ndipo kipimo cha haraka kinapopotosha. Kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha chembe nyeupe za damu, darubini itaonyesha usaha na damu, kwa sababu kibofu kweli kimevimba. Usaha unakuambia kuna uvimbe. Haukuambii umeletwa na nini.

Maambukizi ya kweli nayo huja kwa urahisi zaidi baada ya mionzi. Ovari zikishapigwa huacha kazi, homoni ya estrojeni hushuka, bakteria wema wa ukeni hupungua na wabaya hupata njia. Mkojo usiotoka wote nao huwalea. Kwa hiyo mwezi huu mtu yuleyule anaweza kuwa na UTI, na mwezi ujao akawa na kibofu kilichoumizwa na mionzi tu, dalili zikifanana. Ndiyo maana mkojo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza, na majibu yote yatunzwe kwenye daftari moja. Kisipoota kitu, daktari akiangalie kibofu chenyewe badala ya kubadilisha dawa. Na bakteria wakiota ilhali mtu hana dalili yoyote, mara nyingi hahitaji dawa.

Nyumbani, maji yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa. Kahawa, chai kali, soda na pilipili vipunguzwe vikionekana kuchochea. Ukimaliza kukojoa, subiri kidogo ujaribu tena. Usijisafishe ukeni kwa sabuni wala dawa. Krimu ya estrojeni ya ukeni huwasaidia wengi waliokoma hedhi, lakini daktari wa saratani aulizwe kwanza, maana zipo saratani zinazochochewa na homoni.

Homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavuni ni hospitali siku hiyohiyo. Mkojo unaovuja wenyewe ukeni, au unaotoka na hewa au kinyesi, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke au utumbo, na hakuna kidonge kinachoziba tundu. Damu kwenye mkojo ichunguzwe kwa kamera inayoingizwa kibofuni hata kama mionzi ilikwisha miaka mingi iliyopita, kwa sababu inaweza kuwa madhara ya mionzi na inaweza kuwa saratani.

Basi ndugu yangu wa duka la dawa, mama akija na mkojo unaochoma, muulize kwanza kama aliwahi kupigwa mionzi ya nyonga. Na wewe mama, usiulizwe ukanyamaza. Itaje mionzi hiyo na mwaka wake. Sema tu kwamba inajirudia. Neno sugu waachieni maabara.