Ganzi sio dalili kwamba zoezi limekubali

Juzi tena. Kijana yuko jimu moja hapa Area C, kachana tyubu ya bodaboda, kajifunga juu kidogo ya goti afanye lile zoezi la kubana damu kwa mkanda (BFR), binamu yake anavuta ncha kama anafunga magunia ya mkaa kwenye keria, halafu ananiuliza, "Dokta, hapo imekaza vya kutosha?" (Mi ni fizio, mtu wa tiba ya viungo, ila nimechoka kurekebisha.) Unyayo ulishakuwa zambarau.

Jamani, HATUKATI damu. Inayoingia tunaipunguza, inayorudi ndo tunaibana, msuli unabanwa oksijeni unachoka mapema hata kwa uzito mdogo, asilimia 20 hadi 40 ya uwezo wako. Unarudia zoezi mara 30, unapumzika sekunde 30, kisha 15 mara tatu, mkanda wa kujaza hewa unafungwa juu kabisa ya paja, basi. Aliyetoka operesheni ya goti hawezi kubeba vyuma vizito, ndo tunamwekea hii.

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni hii ya "nijaze presha ngapi, 180?" 180 kwa nani? Mkanda wa upana gani? Mkanda mwembamba unataka presha kubwa zaidi kuziba mshipa uleule, paja nene linataka kubwa kuliko jembamba, hata ukilala au ukisimama namba inabadilika. Unajaza hewa taratibu mpaka dopla, kile kifaa cha kusikiliza damu ikipita, isisikie mapigo mguuni, hiyo ndo asilimia 100 yako, ya kwako na mkanda huo, mguu unafanyia kwenye asilimia 40 hadi 80 ya hapo, mkono 40 hadi 50. Tyubu haina geji, ni nyembamba, inakandamiza neva, utajuaje uko ngapi?

Nikiri kitu: siku nisipokuwa na dopla natumia vidole juu ya unyayo, na vidole vinadanganya, kwa hiyo nashusha zaidi kuliko vitabu vinavyosema. Na kwa nini hasa msuli unakua, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Wazo lenyewe lilimjia Mjapani Yoshiaki Sato miaka ya 1960, miguu ilimfa ganzi kwa kukaa sana kwenye magoti ibadani. Nadhani hapo ndo watu waliponasa. Ganzi ikija, fungua! Na mwenye selimundu, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye presha isiyotulia au mjamzito asijaribu kabla hajapimwa.

Tyubu ya yule kijana iko kwenye droo yangu, keshanidai mara mbili.