"Haikuonekana" si "haipo"

"Madamu, aina hii haina ile protini." Wiki hii nimeambiwa hivyo na wanafunzi watatu hapa Kampala, kila mmoja na jedwali lake la rangi mkononi, linaloonyesha protini zipi zimeonekana. Wote wanalinganisha aina mbili za Anabaena, bakteria wanaotumia mwanga kama mimea: PCC 7120 na PCC 7938 (hizo ni namba za hifadhi), huyu wa pili ndiye anayependekezwa kwa kilimo cha Mirihi. Nauliza swali moja: ulisaka kwa jenomu (jeni zote) ya nani? Kimya.

Mashine ya kupima uzito wa molekuli haisomi protini nzima. Protini ni mnyororo wa asidi za amino; kimeng'enya tripsini kinaukata baada ya mbili kati ya hizo, lisini na arginini, mashine inapima uzito wa vipande (peptidi), kisha programu inavitafuta kwenye orodha ya protini uliyoipa, inayotokana na jenomu. Ukiipa orodha ya 7120 peke yake, peptidi ya 7938 ambayo mahali pa asidi ya amino alanini ina serini itakuwa imezidi kwa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 16 hivi. Ilikuwa kwenye chupa ya kukuzia, ikapita kwenye mashine, ila orodhani hakuna wa uzito huo. Programu inanyamaza, wewe unaandika "haipo". Ni sawa na kumtafuta mtu wa Kasese kwenye daftari la wapiga kura wa Gulu, ukimkosa utangaze msiba.

Tena daltoni 16 hizo ndizo uzito wa atomu moja ya oksijeni. Kama uliiruhusu programu kuhesabu oksidi ya methionini, yaani asidi ya amino iliyoongezewa oksijeni, programu inaweza kukubandikia jibu la uongo lenye alama nzuri tu. Na asidi ya amino leusini ikiwa imegeuka isoleusini, uzito haubadiliki kabisa.

Kwa hiyo kila aina isakwe kwa jenomu yake, protini za aina hii zioanishwe kwanza na wenzao wa aina ile, rangi za jedwali zije baadaye. Nimechoka kulisema hili.

Kuna na kauli nyingine ninazoletewa. "Jeni ipo, basi protini ipo." Mpe Anabaena nitrati ya kutosha uone kama atahangaika kutengeneza naitrojenasi, kimeng'enya cha kunasa nitrojeni ya hewani.

Arthrospira PCC 8005 na Limnospira PCC 8005, bakteria wengine wanaotumia mwanga, ni kiumbe kimoja kilichobadilishiwa jina. Kuna aliyeniletea ulinganisho wa hao "wawili", akistaajabu jinsi wanavyofanana.

"Chupa zilikuzwa sawa." Sawa mpaka umeme ulipokatika usiku, na jenereta inalisha chumba kimoja tu. Asubuhi chupa moja imekaa gizani kwa muda wa saa nane, na mwenyewe anataka kuniuzia tofauti za fikosayanini, rangi ya buluu ya kunasa mwanga, kama tabia ya aina. Tulimwaga zote mbili.