Mwanga juu ya mwanga unaweza kuzaa giza

Dhana: Nyota inayong'aa kuliko zote angani ndiyo kubwa kuliko zote.

Ukweli: Jicho hupokea mwanga uliofika, halijui ni kiasi gani kilitoka. Sirius inaongoza usiku kwa sababu iko jirani, miaka ya nuru 8.6 tu. Canopus, inayoshika nafasi ya pili, iko mbali zaidi ya miaka ya nuru 300, na mwanga inaoutoa ni mamia ya mara ya ule wa Sirius. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokufikia hubaki robo. Ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Hata hivyo, ujirani pekee hausaidii: Proxima Centauri, nyota iliyo karibu na Jua kuliko zote, hutoa mwanga hafifu mno, nayo haionekani kwa macho matupu.

Dhana: Nyota nyekundu ndizo zenye joto kali.

Ukweli: Ni kinyume chake. Uso wa Betelgeuse, iliyo nyekundu, una nyuzi 3,300 hivi za selsiasi. Rigel, yenye weupe wa buluu, inapita 11,000. Nadhani alama nyekundu za bomba la maji ya moto zimechangia kutupotosha.

Dhana: Ukiongeza mwanga juu ya mwanga, mwangaza lazima uzidi.

Ukweli: Hapa ndipo utamu ulipo. Elekeza leza kwenye mipasuo miwili myembamba iliyokaribiana, utaona ukutani milia ya mwanga na giza ikipokezana. Sasa ziba mpasuo mmoja. Mahali palipokuwa na giza pataangaza! Umepunguza mwanga, na hapo umeongezeka. Thomas Young, Mwingereza, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, hufutana.

Je, nishati imeyeyuka? Hapana, imehamia kwenye milia angavu. Katikati ya mlia huo, mwanga haufiki mara mbili ya ule wa mpasuo mmoja, bali mara nne. Piga wastani wa ukuta mzima, hesabu inarudi palepale: mara mbili.

Taa mbili za kawaida hazikuonyeshi milia kwa sababu mawimbi yake hayana mpangilio wa pamoja. Milia huhama upesi mno, jicho haliwezi kuifuata.

Dhana: Hayo ni mambo ya maabara, nyota hayazihusu.

Ukweli: Mwaka 1920, katika kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, California, wanasayansi Albert Michelson na Francis Pease walifunga kwenye boriti juu ya darubini kubwa vioo vilivyofanya kazi ya ile mipasuo miwili, wakavitenganisha taratibu huku wakitazama milia ya mwanga wa Betelgeuse. Vilipoachana kwa mita 3 hivi, milia ikafutika. Kutokana na umbali huo walikokotoa upana wa nyota hiyo angani, na ikawa nyota ya kwanza kupimwa hivyo ukiondoa Jua.